Mstari wa Tano

Fundi cherehani wa kitanda cha saba aliletwa wodini na presha ya macho, lakini kilichomtafuna wiki nzima kilikuwa kijicho. Alimhusudu dereva wa kitanda cha nane, aliyetolewa mtoto wa jicho. Kila asubuhi nesi alimsimamisha dereva mbele ya chati ya herufi, naye akazitaja kwa sauti hadi mstari wa tano, akiringa kama mtoto mwenye viatu vipya. Wodi nzima ikapiga makofi. Fundi akageukia ukuta. Yeye alibakiwa na kitundu tu cha kuonea, na daktari hakumficha: kilichopotea hakirudi. Nani atampa fundi kipofu kitambaa akate?

"Leo nikisoma tena naruhusiwa," dereva alisema. "Jumatatu niko kwenye basi langu. Usikate tamaa, fundi."

"Asante," fundi alijibu, huku akimwombea ajikwae.

Nesi akaingia, akabandika chati, akamwita. Dereva akaanza kwa madaha. Kwa kitundu chake, fundi alifuata herufi moja moja, akitafuta walau kosa dogo la kumfurahisha. Zote zilikuwa kosa. Chati ilikuwa mpya. Dereva alikuwa anataja ile ya zamani, ambayo kwa kuisikia kila siku hata vipofu wa wodi waliijua kwa moyo.

Fundi alifurahi, tena sana. Furaha haikukaa. Alikumbuka kwikwi za kilio alizozisikia kila usiku karibu yake, zikibanwa kwenye mto, ambazo alijisemea haziwezi kuwa za dereva, mtu mwenye bahati vile.

Nesi hakushangaa; bila shaka alishamshuku, ndiyo maana aliibadilisha chati. Alimketisha dereva, akatoa fomu ya maswali ambayo wagonjwa husomewa, kwa kuwa wengi hawawezi kujisomea. Kwa hiyo kila mtu hudanganya, maana majirani wanasikia.

"Unalala vizuri?"

"Kama gogo, sista."

"Una wasiwasi wowote?"

"Wa nini tena? Mimi mzima kabisa."

Jana fundi naye alijibu hivyo hivyo.

"Sista," akadakia, "futa majibu yangu. Silali. Naogopa mpaka chakula hakipiti kooni. Na huyu nimemwonea wivu hadi nikamwombea mabaya. Sasa muulize tena, pole pole."

Nesi akamgeukia dereva, kalamu mkononi, akarudia swali.

"Sista," dereva alisema mwishowe, "kwani hiyo chati iko ukuta gani?"