Sufuria Bila Nailoni

Eduviges alikuwa anatandaza kipande cha nailoni juu ya tamali pale mkamwana wake, Yaretzi, alipomshika mkono.

"Hiyo hapana, mama."

Mtaa wao mzima, pembezoni mwa Tlaxcala, Meksiko, ulipika hivyo: unga wa mahindi uliokandwa hufungwa ndani ya maganda ya mahindi, tamali hizo zikapangwa wima sufuriani, nailoni juu, kisha kifuniko. Mvuke hukosa pa kutokea, tamali zikaumuka. Na leo ilikuwa Kandelaria, sikukuu ya kulishana tamali, majirani wangekuja kula kwake. Akiwapa tamali zisizoiva, wangemcheka hadi Kandelaria nyingine.

Lakini Yaretzi alikuwa mjamzito, na jana yake muuguzi wa kliniki alikuwa amewaeleza kwamba plastiki ikipata moto humeguka kuwa chembe zisizoonekana kwa macho, nazo huishia chakulani. Zimekutwa hata kwenye kondo la nyuma. Madhara yake bado yanapimwa, ila Yaretzi hakutaka mwanawe ndiye awe kipimo. Tena nailoni zote za miaka iliyopita ziko korongoni, alisema, zinasagika juani, mvua ikinyesha zinaingia mashambani.

"Mumeo nimemlea kwa tamali za nailoni," Eduviges alisema. "Ana ugonjwa gani?"

"Uvivu, mama."

Eduviges alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Na heri kilimtangulia, maana kila mpishi wa pale ajua kwamba tamali zikisikia ugomvi haziivi. Dawa yake ni kuichezea sufuria. Ili wasibahatishe, wakacheza ngoma wakiizunguka, mmoja na magoti yake ya uzee, mwingine na tumbo lake. Kisha wakapanga maganda mabichi tabaka juu ya tabaka, wakakandamiza kwa taulo lililoloweshwa, wakafunika.

Kufunua kabla ya wakati ni mwiko. Eduviges alizunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia, hadi majirani walipojaa uani.

Alipofunua, mvuke ulimpiga usoni. Akafungua tamali ya kwanza. Ganda likaachia bila kung'ang'ania. Zimeiva.

Jirani yake Remigia alitafuna polepole. "Za juu zimekaza kidogo, mwenzangu."

"Za juu ni za wasemaji." Eduviges akampa ya chini, na Remigia akaila yote. Kisha akauliza taulo lenyewe lilikamuliwa kiasi gani.

Yaretzi alikuwa kwenye tamali ya tatu.

"Kula, mwanangu," Eduviges alimwambia. "Moja yako, zilizobaki za mjukuu wangu."