Pumzi ya Pili

Mzee aliongoza bendi ya shule kwa miaka thelathini na miwili, na hata baada ya kustaafu hakutoka nyumbani kabla ya kufunga vifungo vyote vya koti. Asubuhi hiyo aliketi wima karakanani, mikono juu ya magoti, akimtazama mjukuu wake mhandisi akizungukazunguka mlangoni pa chumba cha baridi, ambamo gari lisilotoa moshi lililala usiku kucha.

Gari hilo lilikula hidrojeni na kutema maji, na maji ndiyo yaliyoleta taabu. Mara mbili kabla ya hapo lilikuwa limelazwa katika chumba hicho, digrii ishirini chini ya sifuri. Mara mbili matone yaliyosalia ndani ya seli, kile kiini kinachozalisha umeme, yaliganda, nalo likagoma kama punda. Hili lilikuwa jaribio la mwisho. Likigoma tena, mkuu wa karakana alikwisha kusema, kazi ya miaka minne ya binti huyo ingekwenda arijojo.

Juma lililotangulia mjukuu alifika kwa babu yake amenuna, akapiga tarumbeta kujiliwaza. Alipolirudisha sandukuni mzee alimkemea: tangu utotoni alimfunza kwamba tarumbeta hupulizwa mara mbili kutoa maji, likiwa moto na tena likishapoa, kwa kuwa mvuke uliobaki hugeuka maji ukishaupa kisogo. Mjukuu alibaki na sanduku mkononi, kinywa wazi. Karakanani seli waliipuliza mara moja tu, ingali moto, wakaenda zao.

Sasa mlango wa chumba ulifunguliwa, baridi ikatambaa sakafuni. Mkuu alishika saa yake. Alitaka liwake ndani ya sekunde thelathini, hakutaka hadithi.

"Babu, kama una dua, ilete."

"Nilikwisha kukufunza. Bonyeza."

Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Mzee alijikuta akihesabu kwa ncha ya kiatu, kama aliyesimama mbele ya bendi. Kwenye ishirini na mbili mshale wa umeme ukapanda, feni ikavuma, na nyuma ya gari likadondoka tone la kwanza, la vuguvugu.

Mkuu akauliza ni nani aliyewaza kupuliza mara ya pili. Mjukuu akamwonyesha babu yake. Je, mzee naye alikuwa mhandisi?

"Mimi ni mwalimu wa tarumbeta," akajibu, "na huyu alikuwa mvivu kuliko wote."

Kisha akatoa leso, akainama taratibu, akalipangusa lile tone sakafuni, kama alivyozoea kupangusa matone ya matarumbeta ya wanafunzi wake.