Maziwa Katika Mshipa wa Mbuzi

Wario alikuwa mtu wa kuuliza. Hata alipoambiwa kule Nairobi kwamba ini lake lina saratani isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji, alimwandama daktari kwa maswali mpaka wagonjwa wengine wakaanza kuguna. Daktari akamweleza taratibu: wangetoboa mshipa wa damu pajani, wapitishe mrija mwembamba, kisha wamimine dawa mbili kwa pamoja mpaka kwenye ini. Uvimbe, alisema, hunywa damu ya mshipa mdogo unaoingia ini kuliko ya mingine. Kitanda kingemngoja hadi Alhamisi, na asipofika angepewa mwingine.

Wario alirudi kwao Garsen na jambo moja likimsumbua. Dawa ikiingilia pajani, itajuaje njia ya ini?

Jumatatu asubuhi akachinja mbuzi. Abdia, mkewe, alidhani ni sadaka, akamshukuru Mungu. Kumbe mzee ameshika sindano ya kuchanjia ng'ombe, ameijaza maziwa! Akautafuta mshipa wa paja, akachoma, akasukuma. Maziwa yakatokea shingoni, pale palipopita kisu. Akapasua tumbo. Ini lilikuwa jekundu vilevile.

"Umeona, mama Fardosa?" alisema. "Yamepita ini bila hata kupiga hodi. Mimi siendi huko."

Siku tatu zimebaki, na mtu anataka kufa kwa ushahidi wa mbuzi! Hasira zikampanda Abdia. Lakini miaka ishirini na mtu wa maswali ilikuwa imemwambukiza.

"Huo mrija wa daktari ni mrefu namna gani?"

Wario akanyoosha mkono, akapima kutoka ncha ya kidole hadi bega la pili.

"Na sindano yako je?"

Ilikuwa fupi kuliko kidole gumba.

"Basi wewe umemwaga dawa mlangoni. Daktari anaibeba mpaka chumbani."

Abdia akachukua waya wa redio mbovu, akavuta shaba yote, ukabaki mrija mtupu wa plastiki. Akaijaza sindano maziwa tena, akaivalisha mrija huo. Matumbo ya kila mbuzi wa boma lile aliyaosha yeye, na mshipa mdogo unaoingia ini aliujua. Akauchomeka mrija humo, akaufunga kwa uzi, akasukuma polepole. Wakainama wote wawili, vichwa vikigusana. Ini likaanza kupauka, kwanza pembeni, kisha lote.

Wario akacheka, kicheko ambacho Abdia hakuwa amekisikia tangu safari ile ya Nairobi. "Wallahi yamefika! Nitakwenda."

Abdia alifurahi mpaka machozi yakamtoka. "Kwa hiyo utapona?"

"Daktari hakusema kupona. Alisema uvimbe ukinywea, nitapata muda."

"Muda gani?"

Wario akaanza kuifuta sindano.

"Hilo sikuuliza."

"Wewe? Wewe hukuuliza?"

"Niliogopa," alisema. "Twende wote, mama Fardosa. Uulize wewe."