Chaki kwenye Silinda ya Tatu

Mstari ulijitokeza fundi alipokwenda kunawa mikono. Mweusi, mwembamba kama unywele, ukishuka taratibu kwenye weupe wa chaki.

Nilijua maana yake. Kabla ya kuvika slivu, lile bomba jembamba la chuma linaloipa silinda ukuta mpya, fundi huyu, kaka wa mke wangu, hupaka mafuta ya taa, hufuta, kisha hupaka chaki. Chuma kikiwa kizima, chaki hubaki kavu. Penye ufa, mafuta hutoka na kujichora yenyewe.

"Ufa wa ndani ya silinda naufunika," aliniambia asubuhi. "Ukishuka mpaka kwenye kiti cha krankishafti, shemeji, hiyo bloki ni ya kutupa; itapasuka lori likiwa na mzigo."

Ulishuka mpaka kwenye kiti, pale unapolala mhimili mkuu wa injini.

Bloki nyingine! Niuze nini niipate? Nina lori moja, na moyo wake ndio huo umelala mezani kama ng'ombe aliyepasuliwa. Mwenye matofali amenivumilia wiki mbili. Jumatatu lori la mwingine linaingia, mimi natoka. Shule niliiacha darasa la tano. Nani ataajiri utingo mwenye mvi?

Na kosa ni langu. Injini ilichemka mlimani, nikaimwagia maji baridi huku mke wangu akisema, "Subiri ipoe." Sikusubiri.

Nikalowesha kidole gumba kwa mate. Nikaufuta mstari kutoka chini kupanda juu, nikasugua chaki juu yake. Kikabaki kipande kifupi ndani ya silinda. Ufa wa kufunikika.

Fundi akarudi akijipangusa kwa tambara. Akainama kuitazama silinda.

"Umeishia hapa?"

"Si unauona."

"Nauona. Ufa wenye adabu huu. Umefika mlangoni, ukapiga hodi, ukarudi kwao."

Sikucheka. Naye hakucheka.

"Ule mlima bado unaushuka na mzigo?"

"Kila siku."

"Na dada yangu bado anapanda nawe?"

"Nani mwingine atanisimamia upakuaji?"

"Anakaa upande gani?"

"Upande wa bonde."

Akafuta chaki yote, akasogeza kopo la mafuta ya taa, akaniwekea kipande kipya cha chaki kiganjani.

"Mkono wangu umechoka. Paka wewe."

Akanipa mgongo, akasimama dirishani.

Nikapaka mafuta. Nikafuta. Nikapaka chaki toka juu mpaka chini, mpaka kwenye kiti, sikuruka mahali. Kisha nikavuta kreti, nikakaa, nikaomba kama aombavyo mtu aliyesahau maneno.

"Vipi, shemeji?" akauliza bila kugeuka.

Chini kabisa, weupe ulikuwa umeanza kulowa.

"Subiri," nikamwambia. "Subiri kidogo."