Fumbwe Sita wa Bwana Manyoya

Bwana Manyoya, Mzungu mkusanya ndege, aliporudi Korogwe kutoka Tanga, alikokaa miezi mitatu akiugua homa, jambo la kwanza alilofanya ni kufunua tundu lake la ndege, na la pili ni kupiga kelele. Aliacha madume sita ya fumbwe, weusi kwa weupe, wenye mikia mirefu kuliko miili yao. Sasa alikuta vijindege sita vya rangi ya majani makavu, vyenye vikia vya kubahatisha.

"Mwizi!" alimkemea Mhina, mtu wake wa kuchuna ndege ngozi, mbele ya wapagazi na watu waliotoka gulioni. "Umeuza fumbwe yangu, umeweka shomoro!" Akaapa kumpeleka bomani akale viboko hamsa ishirini.

Mwanaidi, mke wa Mhina, alikuwa akipepeta uwele wa kuwalisha ndege hao hao. Ungo ulimtoka mikononi. Mumewe alikuwa mtu wa haya, wa kutazama vidole vya miguu hata akisifiwa. Viboko angevistahimili, lakini hilo neno mwizi lingemmaliza.

"Bwana, hawa ni wale wale," alisema. "Kiangazi huvua nguo. Mvua ikija huvaa."

Alijuaje? Utoto wake wote kule Handeni ulipita juu ya dungu la shambani, akiamia ndege wasimalize uwele wa mama yake. Ukimtupia ndege mawe kutoka masika hadi kiangazi, unamjua kuliko jirani yako.

Bwana Manyoya aliingia ndani akatoka na sanduku. Humo alilala ndege mkavu wa rangi ya hudhurungi, na kikaratasi mguuni. Huyu, alisema, ni ndege mwingine kabisa. Yeye mwenyewe amempa jina la mama yake na kulipeleka hadi Berlin. Mwanaidi akamsikitikia mama wa watu.

"Usitazame nguo, Bwana. Tazama mdomo."

Mdomo wa sandukuni ulikuwa mwekundu, na ya tunduni ilikuwa myekundu, kama ya wale madume aliowaacha. Mzungu akatazama, akasita, kisha ukaidi ukamshinda.

"Basi lifunge tundu mwenyewe, ufunguo ukae shingoni mwako," Mwanaidi alisema. "Vuli ikiisha hawajageuka, tupeleke bomani wote wawili."

Mhina alimvuta mkewe kaniki. "Mama Tatu, umetuchimbia kaburi!"

Mhina akasimamishwa kazi, tundu likafungwa kwa kufuli, kufuli likapigwa muhuri wa lakiri, likatundikwa barazani kwa Bwana. Mwanaidi akawa anapenyeza uwele katikati ya vijiti. Vuli nayo ikachelewa, kama inavyopenda kufanya mtu anapoihitaji. Vibarua wa mkonge wa Ngombezi walipita njiani wakiuliza, "Mikia imeota?" Akawajibu kwa matusi mepesi, lakini moyoni aliogopa. Fumbwe wa porini huvaa, hilo alilijua. Je, wa tunduni, asiyeona nyasi wala jike? Dungu halikumfundisha hilo, wala mumewe hakulijua.

Mvua ikanyesha. Siku ya tisa aliona doa jeusi kwenye utosi wa fumbwe mmoja, akadhani ni masizi. Kesho yake doa lilikuwa limekua. Baada ya wiki mbili wote sita walikuwa na madoa, kisha vifua vikawa vyeupe, kisha mikia ikaanza, manyoya manne meusi kwa kila ndege, ikirefuka mpaka tundu likawa dogo. Mwanaidi alipiga vigelegele hadi watu wa stesheni wakadhani kuna harusi.

Bwana Manyoya aliikagua lakiri yake. Ilikuwa nzima. Akafungua daftari, akalikata jina la mama yake kwa mstari mmoja, polepole. Kisha, tumpe haki yake, akacheka kwa furaha ya kweli, akasema Mhina arudi kazini.

"Asante," alisema Mwanaidi. "Lakini ulimwita mwizi mbele ya watu, Bwana. Ukamsafishe mbele ya watu."

Siku ya gulio Bwana Manyoya alisimama barazani, masikio yamemwiva. "Mhina hapana mwizi," alisema. "Mimi kosa."

Mhina akainua uso, akawatazama watu machoni mmoja mmoja. Mwanaidi alitamani kulia, akajizuia, maana kazi ilikuwa haijaisha.

"Wa nyuma hawajasikia, Bwana."

Bwana Manyoya akavuta pumzi, akarudia kwa kupaza sauti.