Viti vya Kaunta

Kipaza alishuka ngazi za ofisini pole pole, mkono kwenye reli, kama mtu anayejifunza kutembea upya. Jina hilo alibandikwa na wafanyakazi wake mwenyewe. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuongea nao uso kwa uso; alikuwa akijifungia juu, kwenye chumba chenye dirisha la kioo, akiwasemea kwa kipaza sauti kile kile cha kutangazia punguzo la sabuni. "Kaunta ya nne, acha soga!" Duka zima linasikia, wateja wanacheka, na wa kaunta ya nne anatamani ardhi impasukie.

Leo mgomo ulikuwa na siku tisa. Wafanyakazi ishirini na sita walikuwa nje ya geti, na dai lao lilikuwa moja tu: viti. Wanawake wa kaunta walisimama tangu duka linafunguliwa mpaka linafungwa, na ukutani kulibandikwa sheria za duka, namba sita ikisema wazi: kukaa au kuegemea kitu kazini ni marufuku. Kipaza aliiandika mwenyewe, akiwa amekaa.

Siku hizo tisa, yeye na mkewe ndio waliosimama kaunta. Miguu ikamvimba hadi viatu vikamkataa. Leo alikuwa na suti na kandambili.

Mfukoni alikuwa na barua ya kurasa mbili. Aliyeiandikisha kwa wakili ni kaka yake mkubwa, mwenye hisa nyingi. Ukurasa wa pili ulisema kwamba atakayekuwa nje saa sita mchana, kazi hana. "Usome yote, usipunguze hata nukta," kaka alimwambia kwenye simu asubuhi. "Wakikaidi, kesho naleta wengine." Kipaza hakuwataka hao wengine. Aliwataka hawa hawa, wanaojua sukari imekaa rafu gani na mteja gani ni mdokozi. Lakini kumbishia kaka hakuwahi kuthubutu tangu utotoni.

Nje, mtaa ulishajaa. Kinyozi wa ng'ambo alikuwa kasimama mlangoni na mashine mkononi, mteja wake pembeni ana nywele nusu kichwa, wote wawili shingo ndefu. Kipaza akashika geti, akawasha kipaza sauti alichoshuka nacho, na mdomo ukajiendea wenyewe kwa mazoea:

"Wateja wetu wapendwa..."

Watu waliangua kicheko, mabango yakatikisika.

"Leo punguzo la nini, bosi?" mpanga rafu akauliza.

"Punguzo la watu!" mwenzake akamjibu, na kicheko kikakatika.

Kipaza akaanza kusoma. Alikuwa hajamaliza mistari mitatu, Mama Risiti akasogea mbele. Huyo ndiye katibu wa chama cha wafanyakazi dukani, mwanamke mfupi, miwani kaifunga kwa uzi, yuko kaunta tangu duka lilipokuwa kidirisha kimoja.

"Samahani, bosi. Unasoma vizuri. Ila umeegemea."

Kipaza akajitazama. Kweli, ubavu wote ulikuwa juu ya geti.

"Namba sita," Mama Risiti akasema, bila kupandisha sauti. "Nilipotoka kumzika mama yangu, nikarudi kazini, nikaegemea kaunta kidogo tu. Ukanitaja duka zima likasikia. Nilinyooka. Na wewe nyooka, usome."

Kipaza alijaribu kuikumbuka siku hiyo. Hakuikumbuka, na hilo ndilo lililomchoma: siku ya mwenzake namna ile, kwake haikuacha hata alama.

Akaachia geti. Akasoma akiwa wima, jua utosini, nyayo zikimwaka kama kakanyaga makaa. Alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza magoti yalikuwa yanacheza. Hakuna aliyecheka.

"Jamani, huyu ataanguka," sauti moja ikanong'ona.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Ulibaki ukurasa wa pili, na Kipaza hakuufungua. Mtaani hadi sasa wanabishana. Wapo wanaosema ni huruma, wapo wanaosema ni ujanja wa wakili, na Kinyozi anaapa aliona machozi. Mwacheni Kinyozi. Mtu alikuwa amechoka, basi.

"Mama," akasema, naye hakuwahi kumwita hivyo. "Viti vinane vitatosha?"

"Kaunta ni nane. Lakini na wa mizani ya mboga ana miguu."

"Haya. Na wa mizani."

"Andika. Maneno ya kipaza tumeyazoea."

Akaandika nyuma ya ile barua, karatasi kaiweka ukutani, mwandiko ukipanda na kushuka. Alikuwa anatia sahihi simu ilipoita. Kaka.

"Umesoma?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile isiyofukuza mtu."

"Basi hisa zangu natoa. Tafuta pa kushika."

"Sawa, kaka."

Alingoja woga umjie, haukuja. Hata woga unataka nguvu, naye hakuwa nazo. Kesho ungemkuta, alijua.

Wafanyakazi hawakuimba wala kupiga vigelegele. Siku tisa za jua zilikuwa zimewakausha nao. Walikunja mabango, wakaulizana aproni ziko wapi, wakaingia mmoja mmoja wakiburuta miguu. Viti vilikuwa bado havijaagizwa kwa seremala. Wa kaunta ya kwanza akapindua kreti tupu la soda, akaketi, akafumba macho kidogo kabla ya kuwasha mashine.

Mama Risiti alipita getini wa mwisho, karatasi kaikunja kifuani.

"Kaunta ya tatu foleni imefika kwenye unga," akamwambia Kipaza, "na mkeo anakaribia kulia. Nipishe."

Kipaza akampisha.