Aya Niliyoiruka

Barua zote za hospitali nyumbani kwetu husomwa na mimi. Huja kwa Kiingereza cha madaktari. Mimi huzishika mbele ya watu nikazisoma papo hapo kwa Kiswahili, kana kwamba ndivyo zilivyoandikwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimesoma yote.

Barua ile niliifungulia kwenye chumba cha ushonaji. Baba alikuwa ametoka hospitali wiki tatu nyuma. Kibofu chake kilikuwa na saratani, kikaondolewa chote. Sasa mkojo wake ulitokea kwenye tundu dogo tumboni na kuingia kwenye mfuko aliouficha ndani ya shati. Mama alikuwa amemkataza kazi, lakini alikuwa amekwisha rudi kwenye cherehani yake. Ng'ambo ya meza alisimama Baba Mdogo, mdogo wake wa tumbo moja. Yeye ndiye mkataji. Wateja humwita Mkasi, na si kwa sababu ya kazi tu. Ulimi wake nao hukata.

"Haya, msomi, tusomee," alisema. "Kaka amepona, au nianze kumpima suti ya mwisho?"

"Ukinishonea wewe nitaona aibu huko niendako," Baba akamjibu.

Nikasoma. Aya ya kwanza: saratani ya kibofu imetoka yote. Baba akafumba macho. Aya ya pili: tezi za jirani zimepimwa, hazina dalili. Baba Mdogo akaipiga meza kwa rula yake ndefu, mavumbi ya chaki yakaruka. Nikaingia aya ya tatu, na mdomo wangu ukasita.

Ilisema kwamba tezi dume, ambayo hutolewa pamoja na kibofu katika upasuaji wa namna ile, nayo ilipelekwa maabara, na ndani yake ikakutwa saratani nyingine, changa, ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Haikuwa imetoka nje ya tezi, na tezi yenyewe haikuwepo tena. Mgonjwa atapimwa damu kila baada ya miezi kadhaa, basi. Lakini ndugu zake wa kiume waliovuka miaka arobaini waambiwe, nao wakapime.

Ndugu wa kiume alikuwa mmoja tu, na alikuwa akinitazama, chaki imekaa sikioni.

Mimi ni binti ambaye mteja akileta suruali inayombana mbele, hugeuka nikatazama ukuta. Ningelitamkaje neno lile mbele ya baba zangu wawili? Na Baba ndiyo kwanza alikuwa ametua mzigo. Nimpe saratani ya pili kabla hajaimaliza furaha ya kupona ile ya kwanza?

"Mbona kimya?" akauliza Baba.

"Wanasema urudi kliniki baada ya miezi mitatu." Nikaikunja barua.

Nilijiambia nitamnong'oneza Mama jioni. Jioni ile Mama alikuwa akiimba jikoni, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia tangu Baba augue, nikamwacha aimbe. Kesho yake nikasema keshokutwa. Uongo ukilala nyumbani siku moja, asubuhi huamka umekuwa mwenyeji. Kliniki niliomba niingie na Baba, na daktari alipoifikia tezi, nikadakia kwamba tumeshaisoma barua. Akafungua ukurasa mwingine.

Kisha nikaanza kuona. Baba Mdogo aliuacha mkasi umekwama katikati ya kitambaa, akatoka kwenda chooni. Akarudi, akakata shibiri mbili, akatoka tena.

"Huko uani umeposa?" Baba akamtania. "Hii ni mara ya tano."

"Chai yako nyepesi, kaka. Haikai tumboni."

Wakacheka. Mimi nikainamia vifungo.

Mwezi wa nne tangu barua ije, siku moja asubuhi, Baba aliunganisha koti la bwana harusi, akasimama, akaliinua juu. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

"Mkasi! Miaka ishirini na sita hujawahi kunifanyia hivi. Umelewa?"

Nilingoja jibu la kuchoma. Halikuja. Baba Mdogo aliketi juu ya majora ya vitambaa.

"Nilikuwa na haraka ya kutoka," alisema. "Na nikifika huko hakitoki kitu. Nasimama tu kama mlinzi."

Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilitembea nayo kila siku kama mtu aliyeiba. Niliitoa, nikaisoma aya ya tatu. Nililitamka neno lile, na dari haikuanguka.

Baba aliuliza, "Barua hiyo ni ya lini?"

"Ni ile ile, Baba."

"Ile ya miezi minne?"

"Ndiyo."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. "Mwili ni wangu, mwanangu. Na huyu ni ndugu yangu. Nani alikupa ruhusa ya kutuamulia?"

Alimgeukia mdogo wake, akafungua shati na kumwonyesha mfuko, ambao hata Mama huambiwa ageuze uso unapobadilishwa. "Tazama. Niko hai, nashona. Kesho tunakwenda wote."

Damu ya Baba Mdogo ilionyesha dalili ya tezi kwa kiwango cha juu. Wakamchukua vinyama vya kupima maabara. Ilikuwa saratani, bado imo ndani ya tezi, na ya kutibika. Nilimfuata daktari kwenye ukumbi.

"Kama angekuja miezi minne iliyopita?"

"Isingebadilisha kitu kikubwa," alisema kwa upole.

"Na kidogo je?"

Alitazama faili lake. "Hilo hakuna anayelijua, dada."

Siku ya upasuaji wake tulikaa kwenye benchi mimi na Baba, Baba Mdogo katikati yetu.

"Baba Mdogo, nisamehe."

"Ulinionea haya?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikubeba mgongoni ukanilowesha shati la sikukuu. Sikukuonea haya." Alicheka, nami nikajaribu kucheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani. Akasema taratibu, "Siku nyingine usinihurumie. Niambie."

Muuguzi akaita. Niliinuka, nikashika mfuko wa nguo zake. Aliuchukua mkononi mwangu, bila ukali.

"Kaa. Kaka atanisindikiza."

Wakaenda bega kwa bega, Baba ameweka kiganja kwenye mfuko wake ndani ya shati. Mlango ukafungwa. Mimi nikabaki pale nilipoambiwa nikae.